Kisahani

Kilikuja kwa basi, kimezongwa gazeti,
upana wake kiganja changu, vidole nimevikunja.
Bi Mkasi, mama wa mume wangu, alikigeuza juu chini:
"Hiki kinapika nini? Sambusa moja hailali humu."
Nikamwambia kinapika risasi.
Akanitazama kama mtu aliyesikia msiba
asijue ni wa nani.

Baba alitengeneza redio Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
chuma chake akikipasha kwenye mkaa wa muuza kahawa,
hadi mkono ulipoanza kucheza.
Kwanza kidole gumba.
Kisha kikombe juu ya kisahani chake, kila asubuhi,
ti-ti-ti, ti-ti-ti,
na sisi watoto tukitafuna mihogo kwa kelele
tujifanye hatusikii.
Chuma alikiuza shilingi elfu nne.

Mimi nimerithi paa, deni la maji,
na mkono.

Leo, saa nne usiku, nimezima feni,
maana pumzi yake hupeperusha rezista
kama makapi kwenye ungo.
Mwezi wa pili, Tanga, bila feni: jasho
linatafuta njia yake mgongoni.
Uji wa lehemu nimeutoa kwenye friji, nyuma ya juisi ya ukwaju,
kikopo nimekiandika kwa wino mwekundu SI CHAKULA
kwa ajili ya Hamduni, mwenye miaka sita na ulimi usiotulia.
Nimeupaka kwa kadi ya simu iliyokufa,
juu ya bati nililotoboa matundu,
bati la kopo la soda.

Kisha kibano, kile cha kung'olea nyusi.
Vipande ishirini na viwili, uwatu ni mkubwa.
Cha tatu kiliruka, kikaingia ufa wa saruji,
na humo kitangoja kiyama.
Vingine vimekaa upogo,
kimoja kimeelemea kushoto, kingine kimempa mwenzake kisogo.
Zamani hapa ndipo ningelia.

Nikawasha.
Sitini. Mia moja. Mia na hamsini.
Harufu ya utomvu, si udi, si ubani.
Uji ukanywea, ukapauka
kama wa mgonjwa aliyeuacha nusu.
LUKU ukutani inalia: yuniti moja na nukta.
Mia na themanini.
"Msiguse meza!"
na hakuna aliyekuwa karibu na meza.

Mia na themanini na tatu.

Kijivu kikageuka fedha, ghafla, kona hadi kona,
na vipande vikajongea.
Sikuvigusa. Wallahi sikuvigusa.
Kila kimoja kikajivuta mahali pake
kama safu ya msikitini ikiambiwa nyookeni,
bega kwa bega, kisigino kwa kisigino.
Risasi ikiyeyuka huitaka shaba,
huvuta huku, huvuta kule, kipande kikakaa kati.
Kosa la unywele husamehewa.
La nywele mbili pia.
La ukucha, hapana.

Kapasita moja ilisimama wima
kama jiwe la kichwani mwa kaburi,
upande mmoja uliwahi kuyeyuka, mwingine ukachelewa.
Hiyo nitamwachia Hamduni kesho,
mkono wake bado ni wake.

Nikangoja ubao upoe. Nikawaza kikombe cha baba,
ni nani angekaa nacho mezani
bila kutafuna kwa kelele.

Siku ya tatu, saa tisa kasoro usiku,
bomba la uani lilikohoa baada ya juma zima la ukavu.
Tone la kwanza likagusa nyaya zangu mbili,
na kengele ikaamka dirishani:
ti-ti-ti, ti-ti-ti.
Sauti hiyo niliichagua mwenyewe.

Bi Mkasi alitoka na ndoo mbili, kanga kaivaa upande,
kisahani hakukitaja.
Alinong'ona tu:
"Ipunguze. Utawaamsha wa nyumba ya pili."